Samaki Wako Kwenye Miti

Mei 2024, wakati nusu ya nchi ilikuwa chini ya maji, nilipewa kazi ya kuandika maneno 1,800 kuhusu jinsi ya kuvua bass kwenye msitu uliofurika. Malipo yalikuwa shilingi 1,200. Makataa, kesho yake saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimekaa kitandani Roysambu, kioo kimoja cha dirisha kimezibwa kwa karatasi ya plastiki kwa sababu mvua ilikuwa inaingia, na bando la data limebaki la kuhesabu.

Sijawahi kumwona bass. (Ningemwandika basi, lakini ungefikiri nazungumzia gari la kwenda Mwingi, kwa hivyo tumwache alivyo.) Ila mtu akishaandika kuhusu bima ya paka, dawa ya kukoroma na namna ya kuchagua zulia la sebule ambayo hana, samaki hawezi kumshinda. Nilitazama video nne kwa kasi maradufu. Nikajifunza kwamba bass wa mdomo mkubwa si samaki wa kukimbizana. Anasimama kando ya shina la mti uliozama, kivulini, anangoja kitu kipite, halafu anakimeza. Nikajifunza kwamba kuna bwawa linaitwa Toledo Bend, mpakani mwa Texas na Louisiana, lililojengwa miaka ya 1960, ambako miti mingi iliachwa imesimama maji yakipanda, na mpaka leo watu wanakuja na mashua za mamilioni kuvua katikati ya vigogo vilivyokufa kabla wao hawajazaliwa. Maji yakipanda samaki huingia mitini, yakishuka hutoka. Nilipata hata kipande cha nyumbani: bass waliletwa Naivasha mwaka 1929, kutoka huko huko Marekani, na miaka hii ziwa limepanda mpaka migunga ya ufukoni imekufa ikiwa imesimama majini. Nikakiweka aya ya tatu. Nikajiona mtafiti.

Mteja aliirudisha. Maoni yake yalikuwa sentensi moja, naitafsiri: hii inasomeka kama imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika samaki. Akanilipa nusu.

Nilinuna siku nzima, na si kwa sababu ya zile 600. Alikuwa amesema kweli. Na kulikuwa na mtu wa damu yangu ambaye kila msimu wa mvua anavua samaki kwenye miti iliyozama, mtu ambaye ningempigia simu nikapata makala nzima bila video hata moja, na nilikuwa nimemkwepa miaka miwili.

Mjomba anaishi upande wa Kitui wa bwawa la Kiambere. Nilimkwepa kwa sababu ya pesa, na pesa yenyewe ina hadithi, kwa hivyo ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mama yake, susu wangu, alikuwa na shamba upande wa Makueni, karibu na pale mto Thwake unapoingia Athi. Kama unafuatilia habari unajua pale panajengwa nini. Bwawa la Thwake, ukuta wa mita 80 na ushei, maji ya mita za ujazo milioni 688 likijaa. Uhuru Kenyatta aliuzindua ujenzi mwaka 2018. Kabla ya hapo walikuja watu na daftari na tepu. Walipima shamba, wakapima nyumba, wakapima hata choo, halafu wakaanza kuhesabu miti, mmoja mmoja. Miembe kivyake, michungwa kivyake, mikau kivyake. Susu aliwafuata kutwa nzima na fimbo yake akiwaonyesha miti waliyoiruka. Mimi nilikuwa nyumbani likizo, fomu tatu, na kazi yangu ilikuwa kubeba kibuyu chake cha uji.

Kulikuwa na mukau mmoja mkubwa nyuma ya jiko. Kwa wewe uliyezaliwa mjini: mukau ni mti wa mbao wa Ukambani. Unavumilia ukame, mchwa hawauwezi, na mlango wa mukau unaurithi kama shamba. Watu wa utafiti wa misitu, KEFRI, wana kituo Kitui na wameshughulika na mti huo miaka mingi. Ule wa susu ulipandwa na babu mwaka ambao mama yangu alizaliwa, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuukata hata tawi. Kijana wa daftari aliutazama juu mpaka chini, akaandika nambari, akaenda kwa mpapai. Susu alibaki pale. Alimwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huo ni mmoja tu?" Kijana hakuwa Mkamba. Akatabasamu.

Fidia ilipoingia susu aliigawa. Sehemu ikawa nyumba ndogo nje kidogo ya mji wa Wote. Sehemu ikawa boti ya Mjomba. Sehemu akaiweka kando, ya mwiitu wa kusoma. Mwiitu ndio mimi, msichana. Hakuna mtu kwetu aliyekuwa amefika chuo kikuu. Nyumbani tuliiita pesa ya miti, na Mjomba ndiye aliyekuwa na kazi ya kunitumia kwa simu, muhula kwa muhula, na ujumbe ule ule kila mara: Soma.

Mwaka 2022, mwaka wangu wa tatu, pesa ya miti iliingia Jumanne jioni, na Jumatano nikanunua akaunti.

Kama wewe ni mwandishi wa mtandaoni Nairobi huhitaji maelezo. Kwa wengine: kuna mitandao ya kazi za uandishi ambayo imejaa au haipokei watu wa kutoka huku, kwa hivyo mtu mwenye akaunti yenye sifa nzuri anaiuza, na wewe unafanya kazi kwa jina lake. Yangu ilikuwa na jina la mwanamume. Niliinunua 45,000. Hesabu yangu ilikuwa tamu: miezi miwili nitakuwa nimerudisha karo, wa tatu nitakuwa naishi. Wiki ya saba nikaamka nikakuta imefungwa. Muuzaji alikuwa amezima simu, na mpaka leo nadhani imezimwa.

Sikulipa karo, sikufanya mtihani. Tayari nilikuwa na mitihani miwili ya kurudia. Watu hufikiri kuacha chuo kuna siku yake, kwamba unaamka unapakia sanduku. Mimi sikuiona hiyo siku. Unakosa somo la Jumatatu, halafu unaona aibu kwenda la Jumatano kwa sababu ulikosa la Jumatatu, halafu unagundua kuna mtu amechukua kitanda chako hosteli na hata hujali. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyeuliza.

Sehemu mbaya ni kwamba Mjomba alituma tena mara mbili. Ningeweza kumwambia asitume. Nilikula. Kodi, laptopu ya mtumba, unga. Na Soma zake mbili ziko kwa simu yangu mpaka sasa, sikuzifuta, sijui kwa nini.

Kufika 2024 walikuwa wameanza kuuliza mahafali ni lini. Susu alikuwa ameshaulizia bei ya mbuzi.

Nilimpigia Mjomba nikamwambia nataka kuja kuvua. Alinyamaza, halafu akacheka. "Mtu wa chuo kikuu na ndoana?" Halafu akasema, "Njoo kabla maji hayajashuka."

Nilienda wiki ya mwisho ya Mei. Barabara ya Garissa, Matuu, Mwingi, halafu bodaboda kwa muda mrefu kuliko makalio yangu yalivyotaka. Kila mahali palikuwa kijani, ile kijani ya Ukambani inayokaa wiki chache na kuondoka bila kuaga. Tulivuka mito miwili ya mchanga iliyokuwa na maji, na mara zote mbili mwendesha boda alisimama, akazima, akashuka, akatazama upande wa juu kwanza. Kitui watu hawachezi na maji ya msimu. Desemba 2021 mto Enziu, hapo hapo Mwingi, mto ambao miezi mingi ni mchanga mtupu, ulisomba basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mwendesha boda hakuutaja. Alitazama tu.

Kiambere ni la mwisho katika yale mabwawa matano ya Seven Forks kwenye mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, halafu Kiambere, lililokamilika 1988. Kitu ambacho sikuwahi kukifikiria mpaka nilipokaa kando yake ni kwamba maji yale hayakunyesha pale. Yananyesha Mlima Kenya na Nyandarua. Bwawa linaweza kujaa mpaka midomoni huku Kitui imekauka, na linaweza kushuka mwaka ambao wewe umevuna. Umeme wake unapita juu kwa nyaya kwenda kwa watu wengine. Kwa Mjomba kuna sola ya balbu mbili na ya kuchaji simu. Maji angalau yanapigwa bomba mpaka Mwingi. Mwaka ule mabwawa yote matano yalikuwa yamejaa, na huko chini Garissa na Tana River watu walikuwa wamehama makwao.

Mjomba alikuwa mtoto wakati bonde lilipofungwa. Anakumbuka watu wakikimbizana na maji kukata miti ya makaa, na wakiacha ile migumu kwa sababu shoka lilikuwa linachoka haraka kuliko maji yanavyopanda. Mingine ilianguka yenyewe miaka ya kwanza. Iliyobaki imesimama, mieupe kama mifupa. Na juu ya hiyo, kila maji yanapopanda sana, mstari mpya wa miti mizima huzama: migunga, vichaka vya miiba, ile milului ambayo mbuzi hupenda. Huo mstari mpya ndio Mjomba huungoja.

Uvuvi hakuurithi. Wazee wetu wengi hawakula samaki. Susu mpaka leo anamwita nyoka wa maji. Mjomba alifundishwa na Mjaluo mmoja wa Homa Bay aliyekuja bwawani na nyavu, akakaa miaka minane, akarudi kwao na kumwachia kasia moja na msamiati. Ndio maana Mjomba akiwa nchi kavu anaongea Kikamba, akiingia kwa boti anaongea Kiswahili chenye Dholuo ndani.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na ukungu juu yake. Nyavu hatukubeba. Mjomba anazitumia kwenye maji ya wazi tu. Kwenye miti wavu ni wa kutupa pesa, unaingia mzima na kutoka vipande. Tulikuwa na mishipi ya mkono, ndoana, mkebe wa nyungunyungu na utumbo wa kuku uliokuwa umeanza kunuka, makusudi. Kanuni ya kwanza aliyonipa haikuhusu samaki. "Mkono usitoke nje ya boti." Kuna mamba. Kanuni ya pili: "Usiongee na simu."

Alizima makasia kama mita 30 kutoka kwenye miti, akaacha boti iteleze yenyewe. Halafu akanifundisha kusoma, na hiki ndicho ambacho zile video zangu hazikuwa nacho. Tazama juu kwanza. Mti wenye ndege weusi wa shingo ndefu, na kinyesi cheupe matawini, una samaki chini. Ndege hana muda wa kukaa bure. Halafu tazama ganda. Mgunga una ganda la mikunjo, ule ukijani wa majini unashika pale, na tilapia huja kuulamba kama ng'ombe wa mwamba wa chumvi. Ukikaa kimya unaweza kuona shina likitikisika kidogo, au vipovu. Kambare ni mambo mengine. Yeye hupenda majani mapya yaliyofunikwa juzi, maji ya magotini, kwa sababu mvua ndio wakati wake wa kutaga. Anaweza hata kupumua hewa, kwa hivyo maji machafu ya moto yasiyo na nafasi kwa samaki wengine, kwake ni sebule.

"Na maji yakishuka?"

"Wenye akili wanatoka usiku wa kwanza. Wenye kungoja wanabaki kwenye vidimbwi, korongo wanawala."

Niliandika hilo kwa daftari. Hakusema kitu lakini niliona amefurahi.

Kutupa ndoana kwenye miti hakuna kutupa. Nilirusha mara ya kwanza kama wale Wamarekani, mkono juu, na ndoana ikaenda kukaa kwenye tawi la mgunga kama pambo la Krismasi. Mjomba alikata mshipi bila kunitazama. Unateremsha tu. Unasogea mpaka boti inakaribia kugusa shina, unateremsha chambo wima, kando kabisa ya mti, mpaka uzito uguse chini, halafu unainua kiasi cha kiganja. Unangoja. Na akishika, unavuta juu. Hapa Mjomba alirudia mara tatu. Si kuvuta kwako, juu. Ukimpa samaki sekunde mbili anazunguka mti, na mshipi ukishazunguka mti yule samaki si wako tena, ni wa mti.

Nilipoteza ndoana ya pili hivyo hivyo. Nilisikia mgongano, kitu kizito na kilicho hai upande wa pili wa uzi, nikashtuka nikavuta kwangu, na papo hapo uhai ukatoka kwenye uzi ukabaki ugumu tu. Kama mtu aliyekata simu.

Wa tatu nilimvuta juu. Alikuwa kambare, urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko, na masharubu, na alipiga ubao wa boti kwa nguvu mpaka nikapanda juu ya kiti. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Mshike basi! Ulikuja kushika au kuangalia?" Nikamshika. Anateleza kama sabuni na ana miiba kwenye mapezi ya kando, ilinikata gumba, alama bado ipo. Nilimfikiria yule mteja wangu kwa sekunde moja hivi. Halafu nikamsahau.

Kufika saa nne tulikuwa na tilapia kumi na moja na kambare watatu, na jua lilikuwa limeanza kuuma. Mjomba alisema tukatoe ndoana alizotega jana kwenye kona ya ndani zaidi, halafu twende. Upepo ulikuwa umeanza. Tukiwa katikati ya miti mieupe ile ya zamani, boti ilipanda juu ya kitu, ikalia, ikasimama.

Kisiki. Maji yakiwa chini unakiona, maji yakiwa juu sana unapita, lakini siku ile yalikuwa kiasi kile kibaya cha katikati. Mjomba alisukuma kwa kasia, nikasukuma kwa lile lingine, na ubao ukafunguka kidogo chini ya miguu yangu. Maji yakaanza kuingia, si kwa kasi, polepole na bila haya. Alinipa mtungi uliokatwa nusu. "Teka."

Kushuka tusukume haikuwezekana, kwa sababu ya kanuni ya kwanza. Alipiga mluzi wa vidole. Mbali, upande wa Embu, kulikuwa na boti ya vijana. Mmoja aliinua mkono. Upepo ulikuwa dhidi yao.

Kwa hivyo tulikaa. Mimi nateka, yeye ameziba ufa kwa shati lake na kisigino. Na ni hapo, amekaa bila shati katikati ya bwawa, ndipo Mjomba aliniuliza kwa sauti ile ile ya kuuliza kama nimekula, "Sasa mwiitu, mahafali ni lini?"

Nilikuwa nimepanga uongo. Nilikuwa nao tayari tangu Matuu, uongo mzuri, wa alama zilizopotea na foleni ofisini. Nikafungua mdomo nikasema, "Niliacha, Mjomba. Mwaka wa tatu."

Maji, mtungi, maji.

"Pesa?"

"Ya kwanza nilinunua akaunti ya kazi, ikafungwa. Nyingine nilikula."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

Alitazama ufa. Alibadilisha kisigino. Nilingoja aniambie kitu ambacho ningeweza kukibeba, kwamba mimi mjinga, kwamba mimi mwizi. Ningekubali vyote. Alisema, "Mama anajua?"

"Hapana."

"Na wako?"

"Hapana."

"Endelea kuteka."

Vijana walifika baada ya muda ambao siwezi kuupima. Walifunga kamba, wakavuta, boti ikatoka na mlio mbaya. Njia nzima mpaka ufukoni Mjomba aliongea nao kuhusu bei ya tilapia, kuhusu mtu aliyekamatwa na wavu wa matundu madogo, kuhusu mpira. Na mimi alinipa samaki nipare. Sikuwa nimewahi kupara. Aligeuza kisu mkononi mwangu mara moja, akaniacha.

Usiku ule, baada ya ugali, alisema kitu kimoja tu juu ya jambo lile. "Mimi sitamwambia. Pesa haikuwa yangu, na miti haikuwa yangu. Mwenyewe yuko Wote."

Asubuhi alinifungia tilapia wanne waliokaangwa wakakauka, ndani ya gazeti, ndani ya mfuko. Nikamkumbusha susu hali samaki. "Najua," akasema.

Mwingi mpaka Kitui, Kitui mpaka Machakos, Machakos mpaka Wote. Matatu tatu na harufu yangu. Kwenye ile ya mwisho mama mmoja alifungua dirisha akaniangalia, nikajifanya nimelala. Nilifikiri kushuka njiani mara mbili hivi. Kutoka Machakos kuna gari za Nairobi kila dakika, unajua.

Susu alikuwa nje, amekaa kwenye mkeka, anachambua ndengu kwenye uteo. Amepungua. Tangu ahamie Wote amekuwa mtu wa kukaa, yeye ambaye hakuwa anakaa. Pale kwake kuna mpapai mmoja na waya wa kuanika nguo. Alinisalimu, nikajibu, akanusa.

"Umebeba nini?"

"Samaki, susu. Ametuma Mjomba."

"Nyoka wake. Weka mbali na ndengu."

Niliweka mbali. Nikakaa. Nikamwambia, kwa Kikamba changu cha Nairobi kinachokwama, kwamba sitakuwa na mahafali, tangu lini, na pesa ilienda wapi. Sikuongeza kwamba nilikuwa mdogo, au kwamba wengi wanafanya hivyo. Maneno ya akaunti hayapo kwa Kikamba, nikasema nilinunua jina la mtu. Aliuliza jina la nani. Nikasema la mwanamume mmoja sijui ni wa wapi. Akasema, "Ulinunua jina la mtu usiyemjua," si kama swali.

Vidole vyake havikusimama. Ndengu nzuri kushoto, mbovu nje, jiwe nje.

Baadaye sana alisema, "Kwa hivyo ule mukau uliula wewe."

"Eeh, susu."

"Waliukata?"

Sikujua. Wakati ule ukuta wa Thwake ulikuwa bado unajengwa, na nilikuwa sijarudi pale tangu tulipohama. Nikamwambia sijui, labda wamekata, labda wameuacha umesimama.

"Wakiuacha, maji yakija, utaoza?"

Hilo nililijua. Nikamwambia Mjomba anasema mti laini unaoza mwaka wa kwanza, wa pili, lakini migumu inakaa. Kiambere iko mpaka sasa. Nikamwambia ukijani unashika kwenye ganda, na samaki wanakuja kuulamba, na ndege wanakaa juu, na mtu akiteremsha ndoana kando kabisa ya shina na kuvuta juu, si kwake, anapata. Nilikuwa naongea haraka. Nilimwonyesha gumba.

Alilitazama gumba kwa muda kuliko lilivyostahili.

"Nyoka wa maji," alisema, "kwenye mti wa babu yako."

Alitikisa kichwa, na sikuweza kujua kama ni hasira au ni kile kitu kingine. Halafu akavuta uteo wa pili uliokuwa nyuma yake, akamimina ndengu nusu, akaniwekea magotini.

"Toa mawe," akasema. "Na uangalie, ni mengi."